Ganda la Bibi

Mwaka 1994 nilichapwa fimbo tatu kwa sababu ya ganda la risasi.

Lilikuwa ganda tupu la shaba njano, na bibi mzaa baba alilitumia kuhifadhia ugoro. Mdomoni alilizibia kipande cha gunzi. Lilining'inia kwa kamba ya ngozi kwenye nguzo ya tembe, kijijini kwetu upande wa Kalenga, sehemu ile ambayo usiku ng'ombe walilala. Asubuhi moja, mvua zikiwa zimekolea, bibi alilishusha akakuta ufa. Ulianzia mdomoni ukashuka wima hadi begani, pale shingo inapoishia na ganda kuanza kunenepa, na ugoro ulikuwa umelowa. Mjukuu mwenye sifa ya kuchezea vitu vya watu alikuwa mmoja tu. Baba hakuitisha ushahidi.

Tuliambiwa ganda lile ni la enzi za Nyundo. Kwa asiye mtu wa Iringa: Nyundo ni jina ambalo wenyeji walimpa Emil von Zelewski, ofisa wa Kijerumani aliyeuawa na jeshi la Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na bunduki za kikosi chake zikaishia mikononi mwa Wahehe kwa mamia. Bibi hakuwa na cheti cha kuthibitisha, na kila ukoo wa huku una kitu chake "cha Lugalo". Ila nilipokuja kulipima ukubwani kwa venia, kipimo chetu mafundi cha vipenyo na urefu, mdomo wake ulikaribia milimita 11, na 11 ndiyo kipenyo cha Mauser ya mwaka 1871, bunduki waliyobebeshwa askari wa Wajerumani katika nchi hii. Kwa hiyo pengine bibi hakutudanganya.

Mimi ni mkerezaji wa vyuma, Mafinga. Kazi zangu ni bushi za mashine za mbao, shafti za vinu vya kusaga, puli, na mara moja moja kifaa cha ajabu ambacho mteja amekichora kwa kalamu ya mkaa nyuma ya kalenda. Mwaka juzi nilikwenda Marekani, jimbo la Montana, kumsalimia dada yangu. Nilikaa miezi mitatu ya baridi ambayo baridi ya Mafinga ikiiona ingevaa sweta. Dada anaondoka asubuhi kwenda kuuguza wagonjwa, watoto wanakwenda shule, na mimi nabaki na shemeji, Mkinga wa Makete, dereva wa malori, ambaye siku zake za mapumziko huzimalizia kwenye banda la gari, mbele ya meza yenye presi ndogo iliyofungwa kwa boliti nne.

Shemeji analenga shabaha. Hawindi, nyama ananunua dukani. Anachotaka ni kutoboa karatasi iliyo mbali kiasi kwamba wewe na mimi tusingeiona bila darubini, na matundu matano yaingiliane kama yametobolewa na msumari mmoja. Watu wa mchezo huo hawaridhiki na risasi za kwenye boksi. Hujaza zao wenyewe, na kule presi, dai (kalibu ya kubania ganda) na mizani huuzwa dukani waziwazi kama vile hapa tunavyouza cherehani. Hapa kwetu mambo ni mengine: sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi inafanya kutengeneza risasi bila kibali kuwa kosa, kwa hiyo usinipigie simu kuulizia presi. Ninachoandika hapa ni habari ya shaba. Ndiyo iliyonifundisha kazi yangu upya nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei.

Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti inayoungua, fataki inayoiwasha, na ganda linalovishika vyote. Vitatu vinakwenda na mlio. Ganda linarudi, na ndilo la bei kubwa, kwa hiyo ndilo linalotumika tena. Shemeji alikuwa na maganda ya .308 Winchester, saizi ya risasi za bunduki yake, kwenye makopo ya kahawa, kila kopo na karatasi yake. Mkinga anahesabu hata yaliyo matupu.

Nilidhani ganda ni chombo tu, kama bibi alivyodhani. Kumbe wakati wa mlio ndilo sili. Msukumo ndani ya .308 unaruhusiwa kufika paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la Fuso lina kama 110, kwa hiyo zidisha zaidi ya mara 500. Hapo shaba inavimba, inabana pande zote kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo ganda hukaa, na gesi haipati pa kutokea nyuma, usoni kwa mpigaji. Msukumo ukishuka, shaba inajirudi kidogo, kiasi cha kuachia ukuta ili ganda litolewe. Chuma kisichojirudi kingeng'ang'ania humo, na kisichovimba kingevujisha. Ndiyo maana wakachagua shaba njano ya aina moja, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na tangu karne ya 19 haijapata mpinzani wa kweli.

Lakini inajirudi kidogo tu. Hairudi ilikotoka. Ganda lililokwisha kupigwa limechukua umbo la chemba ile, ya bunduki ile, na shingo yake imepanuka kiasi kwamba kichwa kipya kingetumbukia ndani kama jiwe kisimani. Kwa hiyo inabidi kulirudisha saizi: unalipaka mafuta, unalisimamisha kwenye presi, unavuta mkono, na ganda linasukumwa ndani ya dai ya chuma kigumu inayolibana mwili na shingo na kulisogeza bega nyuma.

Nilisema, "Shemeji, hiyo kazi ya dakika mbili. Leta."

Sitasahau jinsi alivyonipisha kwenye kiti bila neno.

Ganda la kwanza nililipaka mafuta kidogo, maana niliona yananichafua vidole. Mafuta yenyewe ni yale ya manyoya ya kondoo, lanolini, yaliyochanganywa na spiriti. Unapulizia, unasubiri spiriti ikauke. Mimi sikusubiri. Mkono ulishuka hadi nusu ukagoma. Nikaongeza nguvu, na nguvu ninazo. Nikasikia mlio kama wa kopo la soda. Kishikio cha presi kilikuwa kimeng'oa ukingo wa kitako, ganda limebaki ndani ya dai, limekaza kama meno ya mbwa.

Hapo angalau nilikuwa kwenye fani yangu. Tulilitoboa kitako kwa drili, tukapiga tapu, tukaweka bushi juu yake, washa, boliti, tukakaza taratibu mpaka likatoka likilia. Shemeji akaniambia kila mtu wa mchezo huu amefanya hivyo mara moja, na anayefanya mara mbili hana haya. La pili nikalipaka mafuta kama chapati. Likaingia vizuri, likatoka na vibonyeo begani, kama gari lililonyeshewa mvua ya mawe. Mafuta hayabinyiki, yakikosa pa kwenda shaba ndiyo inayoyapisha. Fundi mzima wa miaka 20, maganda mawili, makosa mawili.

Yote hayo yalikuwa uzembe tu, ukiambiwa umepona. Lililonikalia kichwani ni la tatu.

Kuna namna mbili za kufunga dai. Ya kwanza ni ya maelekezo ya boksi: izungushe mpaka iguse kishikio, ongeza kidogo, funga. Ganda litarudi hadi kipimo kidogo kabisa kinachokubalika, liingie kwenye bunduki yoyote duniani. Tatizo ni kwamba bunduki ya shemeji si yoyote duniani. Kama chemba yake ni ndefu kidogo na ganda umelirudisha fupi sana, kila mlio unalivuta upya kuelekea mbele, na panapovutika ni palepale, juu tu ya kitako. Baada ya safari kadhaa utaona mstari mwembamba unaong'aa umelizunguka, halafu siku moja litakatika vipande viwili. Shemeji ana waya mdogo aliouchonga ncha na kuupinda. Anauingiza ndani ya kila ganda na kupapasa ukuta wa ndani kama daktari wa meno. Ukikwama kwenye kijifereji, ganda linakwenda kwenye ndoo ya skrepa.

Namna ya pili ni kuuliza chemba yenyewe. Unachukua ganda lililotoka humo, unalipima kutoka kitako hadi begani kwa bushi ndogo iliyofungwa kwenye venia, na lile ndilo jibu. Kisha unafunga dai ili bega lirudi nyuma milimita 0.05 tu. Unene wa unywele mwembamba. Linatosha kuingia bila kusukumwa, na shaba haijasumbuliwa zaidi ya hapo. Wapo wanaobana shingo peke yake na kuuacha mwili mzima kama ulivyotoka, wakiamini ganda lililofanana na chemba yake ndilo litakalolenga vyema. Shemeji alifanya hivyo miaka kadhaa, akaacha, kwa sababu mwili usioguswa huzidi kuvimba mpaka siku moja komeo la bunduki halifungi, na siku hiyo huwa ya mashindano. Mimi namuunga mkono. Bushi inayoingia kwa nyundo si bushi inayokaa sawa.

Basi. Ganda langu la mfano lilipima milimita 41.45. Nikafunga dai mpaka likatoka 41.40. Nikafurahi, nikakaza nati, nikapitisha mengine kumi bila kugusa kitu. Nikayapima: 41.40, 41.43, 41.38, 41.44, 41.40, na kadhalika, yamekaa ovyo kama watoto wa kwaya siku ya kwanza.

Nililaumu presi. Nikalaumu uzi wa dai. Nikatikisa kila kilichotikisika. Kwenye kukereza, ukishafunga kisu kwenye kipimo, chuma hakina hiari: kinachozidi kinakatwa. Saizi inatoka kwa mashine. Shemeji aliniacha nihangaike mpaka chai ikapoa, ndipo akauliza, "Umechukua kopo lipi?"

Nilikuwa nimechota kwenye makopo mawili. Mengine yalikuwa yamepigwa mara moja, mengine mara sita.

Dai ilikuwa ile ile na mkono ule ule. Lakini shaba kila inapovimbishwa na kubanwa inakuwa ngumu zaidi, na ikiwa ngumu inajirudi kwa nguvu zaidi baada ya kuachiwa. Ganda changa ukilisukuma linakaa uliposukuma. Ganda la siku nyingi linakuitikia likiwa ndani ya dai, likitoka nje linarudi lilikozoea. Hapa hakuna kinachokatwa. Ni majadiliano, na kila ganda linakuja na historia yake. Nilikaa kimya nikiwaza bushi zote za shaba ambazo nimezikandamiza kwa presi Mafinga, wateja wakarudi wakasema hii imelegea, ile imebana, nami nikawaapia kwamba zote nimezikereza saizi moja. Nilizikereza saizi moja kweli. Mteja hakuniuliza kama zote zimetoka kwenye fimbo moja ya shaba, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Dawa yake ni moto. Na hapa tuligombana, kwa adabu, maana yeye ni shemeji.

Mtu wa chuma anajua: pasha mpaka nyekundu, tumbukiza majini, kinakuwa kigumu. Nikamwambia akitumbukiza maganda yake majini atayaua. Akasema shaba haina tabia hiyo. Moto ndio unaoilegeza, na maji hayaongezi wala hayapunguzi ugumu, yanazuia tu joto lisitembee kwenda chini. Nikakataa. Tukachukua maganda mawili chakavu, tukayapasha shingo sawasawa, moja tukalitia majini, jingine tukaliacha lipoe lenyewe, kisha tukayafinya kwa koleo. Yote yalifinyika kama karatasi ya sigara. Nikaomba radhi kwa maganda na kwa mwenye maganda.

Alizima taa ya banda. Ganda likizungushwa kwenye ncha ya mwale wa gesi, sekunde tano, sita, shingo ikaanza kupata wekundu wa mbali, ule wa kaa linalokaribia kufa. Hapo hapo linaondolewa. Likiwaka nyekundu ya wazi umepitiliza, shingo itakuwa laini mno isishike kichwa. Anayetaka uhakika hupaka ndani ya shingo rangi maalumu inayoyeyuka ikifika nyuzi 400 hivi. Na moto haugusi kitako hata kwa bahati mbaya. Kitako ndicho kinachobeba msukumo wote na kushika fataki, kinatakiwa kibaki kigumu kama kilivyotoka kiwandani, na kikishalegezwa hakuna kwenye banda lile cha kukirudishia ugumu wake. Ganda la namna hiyo ni la kutupa, hata kama linameta.

Tulilegeza maganda yote ya makopo yale mawili, tukayapitisha upya kwenye dai. 41.40, 41.40, 41.41, 41.40.

Kazi nyingine zinazobaki nitazipitia haraka, kwa sababu ni za subira zaidi ya akili. Shaba iliyobanwa inarefuka kuelekea mdomoni, kwa hiyo inakatwa: .308 haitakiwi kuzidi milimita 51.18, na wengi huikata hadi 50.93. Mdomo unapigwa chamfa, yaani kingo zake zinachongwa mshazari, ndani na nje. Kikombe cha fataki kinakwanguliwa masizi. Shingo inapanuliwa kidogo kwa kijiti cha chuma kilicholainishwa sana, ili ikishike kichwa chake kwa nguvu ile ile ganda hadi ganda. Na unanawa mikono kabla ya kugusa chai, kwani masizi ya fataki yana madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi jina lake.

Ila lazima niseme habari ya magunzi. Kabla ya yote hayo maganda husafishwa kwenye pipa linalotetemeka, lililojazwa punje za kusugulia, na shemeji alinionyesha mfuko alioununua dukani. Nikaingiza mkono nikatoa. Gunzi la hindi, limesagwa! Amelipia dola. Nikamwambia nyuma ya kila kinu Mafinga kuna mlima wa mali hiyo, mama ntilie wanawashia moto. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaniomba kwa dhati nisimwambie dada bei.

Jioni moja nilimwona akisoma lebo ya chupa ya sabuni ya kung'arishia kwa makini kuliko anavyosoma ujumbe wa benki. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Amonia," akasema. "Ikiwemo, siigusi. Inapasua shaba."

Akanieleza kisa cha Waingereza kule India. Kila msimu wa mvua walihifadhi risasi zao kwenye mazizi ya farasi, wakingoja kiangazi. Kiangazi kikifika, walifungua masanduku wakakuta maganda yamepasuka yenyewe, wima, kuanzia mdomoni. Hakuna aliyeyagusa. Maelezo kamili yalikuja kuandikwa mwaka 1921: shaba iliyobanwa kiwandani imebaki na mkazo ndani yake, mkojo wa wanyama unatoa amonia, unyevu unaibeba amonia hadi kwenye shaba, na mkazo unafunguka kwa ufa. Dawa ni ile ile, kuilegeza shingo kwa moto na kuiweka pakavu, mbali na zizi.

Nilimwambia arudie.

Mkazo ndani ya shaba. Mvua. Mkojo wa wanyama. Ufa wa wima kuanzia mdomoni. Na ugoro wenyewe, kama unavyojua, unachanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoitoa tumbaku harufu inayokupanda puani. Bibi alikuwa ameliwekea ganda lake amonia ndani na nje, akalining'iniza juu ya ng'ombe sita.

Tangu nirudi, mteja akiniletea koneki ya bomba la shaba iliyopasuka, swali langu la kwanza si imenunuliwa wapi. Mama mmoja wa Njombe, mfugaji, alileta ya tatu ndani ya mwaka, akilaani vitu vya siku hizi. Nikamuuliza, "Mama, hii imefungwa bandani kwa ng'ombe?" Akanitazama kama ninapiga ramli. Nilimtengenezea ya chuma cha pua, na nilimtoza kidogo zaidi, sitaficha.

Ganda la bibi ninalo mimi sasa, limo kwenye sanduku la venia. Bibi ametangulia, baba naye. Aliyebaki kwenye kesi ile ni mama, kwa hiyo Jumapili moja nilimpigia simu nikamweleza yote, India, farasi, magadi, mwaka 1921. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo waliokosea ni ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya, baba. Pole kwa zile fimbo." Akanyamaza kidogo. "Lakini wiki ile ulikuwa umelifanya filimbi. Nilikuona."